Betri Iliyoingizwa kwa Tupa

Fundi tunayemzungumzia watu walimwita Rula, na jina hilo alijipa mwenyewe, jambo ambalo peke yake lingetosha kututia wasiwasi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta chini ya jengo la ghorofa nne, kati ya duka la mikate na mlango wa ngazi, na sifa aliyojivunia ni kwamba yeye hapimi kitu. Mafundi wenzake walikuwa na mita za umeme na madaftari ya namba; yeye alikuwa na jicho. Ukimletea chaja iliyofutika maandishi, aliigeuza mkononi mara moja akatoa hukumu. "Jicho langu ni rula," alizoea kusema, na kwa kuwa mara nyingi alipatia, watu waliacha kubisha. Mara zile alizokosea alizisahau upesi, na hicho nacho ni kipaji.

Ghorofa ya pili ya jengo hilohilo aliishi mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa karani wa shule mpaka alipostaafu, na kwa miaka kumi na mmoja sasa alikuwa katibu wa jumuiya ya wakazi wa jengo. Hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto wakikutana naye kwenye ngazi walisema, "Shikamoo, Katibu," na mwenyekiti, dereva wa malori aliyestaafu, asiyependa kuandika hata orodha ya sokoni, hakuthubutu kufungua kikao kabla yeye hajaketi. Mihtasari yake haikuacha kitu: nani kasema nini, nani kamuunga mkono, na nani kanuna.

Kazi hiyo aliifanya kwa kompyuta mpakato ambayo shule ilimpa siku ya kumuaga, na siku hiyohiyo ilikuwa tayari imezeeka. Kitufe cha A kilikuwa kimefutika, lakini kiliandika. Kilichokufa kabisa ni betri. Ukichomoa waya, mashine inazima hapohapo. Hilo halikumsumbua sana, kwa sababu jirani wa ghorofa ya kwanza alikuwa akimpitishia waya dirishani siku za mkutano. Kisha jirani akahama. Mikutano ilifanyika uani, na uani hakuna soketi. Na mkutano uliokuwa unakuja haukuwa wa mchezo: ulikuwa wa zamu za maji, na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na rekodi ya miezi mitatu, siku kwa siku, ya nani kapata maji na nani kala zamu ya mwenzake.

Basi mama akashuka kibandani, kompyuta ameifunga kwa taulo, bahasha juu yake.

"Shikamoo, mama," Rula alisema akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa. Betri ya zamani nimeichomoa, imo humo kwenye taulo. Na kwenye bahasha nimekunakilia namba zake zote, pamoja na maneno niliyoyakuta kwenye kitabu cha mashine. Nasikia betri hizi hufanana sura, lakini tabia kila moja na yake."

Kwenye stuli alikuwa ameketi mteja mmoja akisubiri chaja yake, na mteja akatabasamu. Rula aliliona lile tabasamu.

"Mama nawe, ungejisumbua nini? Mashine hizi nimezifungua mpaka nimezichoka."

"Najua unajua. Lakini isome."

"Nitaisoma, mama."

Hakuisoma. Mwanamume anaweza kuvumilia mengi, ila kufundishwa kazi na mama mkwe, ndani ya kibanda chake, mbele ya mteja, huo ni mtihani, na Rula hakuwa mtu wa kufaulu mitihani. Bahasha aliiweka chini ya birika la chai. Kwenye rafu alikuwa na betri aliyoitoa katika mashine nyingine ya kampuni ileile, ya mtu aliyevunja kioo akaitelekeza. Urefu uleule, rangi ileile, hata kona zimeviringwa vilevile. Akaisukuma chini ya kompyuta ya mama. Ikaingia nusu, ikagoma.

Akaitoa, akaona sababu. Upande mmoja betri ilikuwa na kijino cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele, na kwenye kompyuta ya mama hapakuwa na nafasi yake. Mtu mwenye subira angejiuliza kijino kile kimewekwa cha nini. Hakikuwa pambo. Walikiweka makusudi ili betri isiyo ya mashine isiingie, yaani walikiweka kwa ajili ya watu kama Rula. Yeye alichukua tupa, akakisugua mpaka kikaisha, akapuliza vumbi, akasukuma tena. Ikaingia ikanata.

"Jicho, bwana," alimwambia mteja.

Kompyuta iliwaka bila waya. Aliiacha iwake nusu saa, ikawa haina neno. Hakujua, au tuseme hakujisumbua kujua, kwamba umeme ule ulikuwa kiporo, uliobaki ndani ya betri tangu ilipokuwa katika mashine yake ya kwanza. Betri ile ilihitaji volti nyingi kuliko ambazo kompyuta ya mama ingeweza kuipa. Ungeichomeka wiki nzima, isingejaa. Ilikuwa inakula akiba yake, na akiba yenyewe haikuwa ya kufika mbali.

Jumamosi ya mkutano, alasiri, watu kama arobaini walikaa uani kwenye viti vya plastiki. Rula alikaa nyuma na mkewe. Mama alisimama mbele, miwani puani, kompyuta juu ya meza ndogo, akaanza kusoma rekodi ya maji. Wiki ya kwanza, ghorofa ya nne ilipata maji siku mbili tu. Watu wakaguna. Wiki ya pili, siku moja. Watu wakaanza kugeuka kumtazama bwana mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye bomba lake, kama ilivyosemekana, halikuwahi kukauka. "Wiki ya tatu," mama alisema, na kioo kikazima.

Alibonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akiinamisha uso karibu na kioo. "Samahani, jamani. Samahani kidogo." Mtu mmoja akacheka, halafu wawili. Mara ya tatu mashine ilimulika kidogo, ikafa, na kicheko kikawa cha kiti hadi kiti.

"Labda tukubali tu kwamba rekodi haipo," alisema yule bwana wa ghorofa ya tatu, na sauti yake ilikuwa na raha.

Mwenyekiti akainua mkono. "Fundi si yupo? Rula! Njoo mwangalie mama yako."

Rula alipita katikati ya viti akitabasamu, maana bado alijiamini. Aliinua kompyuta, akachomoa betri, kidole kikagusa pale palipokwaruzwa na tupa. Akaelewa yote papo hapo: kijino, kiporo cha umeme, bahasha chini ya birika. Akainua macho. Mbele yake alikuwa mwoka mikate, ambaye kompyuta yake ilikuwa kibandani imefunguliwa. Nyuma yake dada wa ghorofa ya kwanza, aliyeahidi kumletea mashine sita za ofisini kwake. Alitakiwa kusema maneno mawili tu: nimekosea betri.

"Mama," alisema, "uliichaji muda gani?"

"Tangu jana jioni mpaka leo asubuhi. Nilitaka ijae."

"Usiku kucha?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko ya mtaalamu. "Hapo ndipo, mama. Betri za siku hizi hazitaki kuachwa kwenye umeme hivyo. Imeungua."

Ulimi hauna mfupa. Mama alivua miwani, akaitazama kompyuta, kisha akawatazama watu.

"Kumbe," alisema. "Basi ni kosa langu. Sikujua. Nimewaangusha."

"Umri huo, jamani," alisema yule bwana, sasa kwa upole. "Tusimlaumu. Kila mtu atafika huko." Na watu, ambao dakika moja kabla walikuwa wanacheka, wakaitikia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Mama alifunika kompyuta. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba miaka kumi na mmoja inatosha, kwamba katika mkutano wa wiki mbili zijazo atakabidhi kazi, na kwamba wanaotaka ukatibu waanze kujiandaa.

Aibu ilimshika Rula pale pale. Haikungoja kesho. Alipokuwa anarudi kitini, betri ile mfukoni, alihisi kila mtu anaiona. Hakuna aliyeiona. Mwoka mikate alimpiga bega na kumwambia, "Pole, fundi, wazee wetu ndivyo walivyo."

Nyumbani, mtaa wa pili, mkewe hakuvua hata viatu. Alikaa ukingoni mwa kochi na mkoba mapajani.

"Mama hajawahi kukosea kitu cha mashine," alisema. "Wewe hujui. Pale shuleni ndiye aliyewafundisha walimu kutumia kompyuta. Leo anashindwa chaji?"

"Labda betri yenyewe..."

"Si umesema imeungua kwa sababu aliiacha usiku kucha?"

"Nilisema."

"Basi." Akajifuta jicho kwa kiganja. "Nimempigia kaka. Anasema mama asikae tena peke yake. Leo chaji, kesho ataacha mlango wazi. Siku ya mkutano akishakabidhi, kaka anakuja na gari amchukue akaishi kwake."

Kwake ni mji mwingine, safari ya siku nzima, chumba kimoja cha nyuma kwa mwanawe. Rula alimtazama mkewe akilia, na alijua kwamba neno moja lingemnyamazisha. Neno hilo lilikuwepo. Lilifika mpaka kwenye meno, likarudi.

Jumatatu aliinua birika na kuifungua bahasha. Mwandiko ulikuwa wa karani, umenyooka kana kwamba karatasi ina mistari. Namba ya betri, ile iliyo kwenye betri yenyewe, si ile ya kwenye kifuniko cha kompyuta. Volti 10.8. Idadi ya seli. Halafu, kwa wino mwekundu: "Kitabu kinasema zipo za sura hiihii zenye volti 14.4. Hizo hazifai mashine hii." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Samahani kwa kukufundisha kazi yako. Mama."

Alikunja karatasi ile akaitia mfukoni, akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda mjini kwa mwanamke anayeuza vipuri kwa mafundi wote, ambaye huitwa Mama Spea. Mama Spea alikuwa na miwani iliyofungwa kamba shingoni na hakumsalimu mtu kabla hajaona alicholeta.

"Betri ya zamani iko wapi?" aliuliza. Rula akaiweka kaunta, pamoja na karatasi. Mama Spea akasoma karatasi, akaguna kwa kuridhika. "Huyu aliyeandika hapa ndiye fundi. Wengine huja hapa wananiambia jina la laptop. Jina la laptop la nini? Jina moja lina betri tatu. Soma namba kwenye betri. Volti lazima zikubaliane: 10.8 na 11.1 ni ndugu, 14.4 na 14.8 ni ndugu, lakini koo hizo mbili hazioani. Ukipata yenye ujazo mkubwa zaidi, sawa, itakaa na chaji muda mrefu. Ukipata iliyokaa dukani miaka minne, hiyo ni maiti imevalishwa nguo mpya. Betri haichaguliwi kwa sura kama mchumba. Na mchumba naye usimchague hivyo."

Akaleta moja, akamwonyesha namba, volti, tarehe ya kutengenezwa, akailinganisha na ya zamani meno kwa meno. Ndipo Rula akatoa ile nyingine, aliyoichomoa siku ya mkutano, ili amuulize kama inafaa kitu. Mama Spea aliigeuza, kidole gumba kikasimama pale palipokwaruzwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mteja mmoja."

Mama Spea alimtazama juu ya miwani. "Wateja hawana tupa," alisema, akamrudishia.

Alipanda ngazi za jengo jioni hiyohiyo. Mama alikuwa sebuleni, mezani, akinakili rekodi ya maji kwa mkono kwenye daftari jipya, kutoka kwenye kioo, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye waya. Alisema anataka katibu ajaye asihangaike na mashine mbovu. Pembeni ya kompyuta alikuwa ameweka saa ya mezani yenye kengele. Rula alitia betri mpya, nayo iliingia kwa kidole kimoja, bila kelele. Akachomoa waya. Kompyuta ikaendelea kuwaka.

"Mama," alisema bila kumtazama, "ile betri ya kwanza ilikuwa na kasoro. Si wewe."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mapenzi. "Mungu akubariki, mwanangu."

"Nasema kweli, mama. Ilikuwa mbovu tangu mwanzo."

"Sikiliza. Wewe ulisimama mbele ya watu ukasema ukweli, wala hukunionea haya kwa kuwa mimi ni mama mkwe wako. Wengine wangenificha. Mimi nilikuheshimu kwa hilo. Sasa usije ukaharibu kwa kunifunika. Aibu yangu naiweza."

Rula alifungua mdomo. Mama akamsogezea kikombe cha chai.

"Niambie tu hii niichaji dakika ngapi. Nimeandika arobaini, halafu kengele inalia nachomoa. Nakaa hapahapa naitazama, siondoki."

Akainywa chai yote. Mtu akikutukana unaweza kujitetea. Mtu akikubariki kwa uongo wako mwenyewe, utajitetea na nini? Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya mwisho, watoto wakimruka. Pale ndipo alipoelewa ubaya wa hesabu yake. Alichokisema mbele ya watu arobaini hakiwezi kufutwa sebuleni mbele ya mtu mmoja, hasa mtu huyo akiwa ameshakiamini. Lazima kifutwe palepale kiliposemwa. Aliyaelewa hayo vizuri kabisa, kisha siku kumi na mbili zikapita bila yeye kumwambia mtu yeyote kitu. Sitamtetea. Alifungua kibanda, alitengeneza, aliwajibu watu "salama tu," na kila mtu aliyemuulizia hali ya mama alimjibu kwamba anaendelea vizuri, kana kwamba ni mgonjwa.

Siku ya mkutano shemeji alifika mapema. Gari lilisimama mlangoni, kiti cha nyuma kimeondolewa vitu ili mizigo ikae. Uani watu walikuwa wengi kuliko mara ile. Ajenda zilikuwa mbili: maji, na katibu mpya. Yule bwana wa ghorofa ya tatu alikuwa amevaa shati la kola na amekaa mbele, kwa kuwa alikuwa amejitolea kubeba mzigo wa ukatibu, kama alivyouita. Mama naye alikuwa mezani, kompyuta wazi, akiandika waliohudhuria, maana mpaka akabidhi yeye bado ni katibu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya ajenda. Rula akasimama. Hakuwa amepanga atasimama saa ngapi. Magoti yake yaliamua. Mkononi alikuwa na betri iliyofungwa gazeti.

"Nina neno," alisema. "Ile siku kompyuta ilizima, nilisema mama ameiunguza betri. Si kweli."

"Kaa chini, mwanangu," mama alisema kwa upole, akamgeukia mwenyekiti. "Ananihurumia huyu. Ndivyo alivyo."

"Sikai, mama. Naomba usiniite mwema." Sauti yake ilipasuka, akakohoa. "Mama aliniletea karatasi yenye kila kitu. Volti, namba, onyo kwa wino mwekundu. Sikuisoma. Nikachukua betri ya mashine nyingine. Ikakataa kuingia kwa sababu ina kijino cha kuizuia. Nikakisugua kwa tupa. Hii hapa. Shikeni muone."

Akaitoa kwenye gazeti, akampa aliyekuwa karibu. Betri ikapita mkono kwa mkono, kiti hadi kiti, na kila mtu alipitisha kidole gumba pale, hata wale ambao hawakuelewa. Ilipofika kwa mkewe, mkewe aliishika muda mrefu. Hakumtazama Rula. Aliipitisha kwa kaka yake, na kaka yake akaiweka gotini, akainamisha kichwa.

"Na yangu umeisugua wapi?" aliuliza mwoka mikate. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa halikuwa swali la mzaha.

"Sijui," Rula alisema. "Yako njoo uitazame kibandani. Nyingine zileteni zote, nitazifungua mkiwa mnatazama." Dada wa ghorofa ya kwanza alikunja mikono, na Rula akajua kwamba mashine sita zile zimekwenda.

Kisha vikasikika vitufe. Mama alikuwa anaandika. Aliandika mpaka akamaliza, akasogeza miwani, akasoma kwa sauti ileile aliyosomea mambo ya watu wote kwa miaka kumi na mmoja.

"Fundi alieleza kwamba alikosea kuchagua betri ya kompyuta ya katibu, na kwamba hitilafu haikutokana na katibu." Akamtazama. "Ndivyo?"

Sentensi hiyo ilikuwa laini. Ilikuwa mlango umeachwa wazi, na mtu angeweza kupita pale akiwa ameinamisha shingo kidogo tu. Rula aliona kwamba mama ameiandika hivyo makusudi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Sivyo, mama. Hiyo ni nusu."

"Basi sema nusu iliyobaki."

"Andika kwamba nilijua siku ileile. Nilipogusa tu, nilijua. Nikamsingizia katibu mbele ya wakazi ili nisipoteze wateja. Na nikanyamaza wiki mbili nikisikia anaitwa mzee aliyechoka."

Mama akaandika, neno kwa neno, akasoma, neno kwa neno. "Kuna marekebisho?" Hakuna aliyekuwa na marekebisho.

"Mwenyekiti," aliendelea, "ajenda ya pili naomba iondolewe. Aliyeomba iwekwe ni mimi, na sababu yake imekwisha. Na mwanangu aliyekuja na gari, ahsante kwa kunitembelea. Utalala, utakula, kesho utarudi kwako. Sasa, maji. Wiki ya tatu."

Akasoma rekodi yote, bila waya, mpaka mwisho, na yule bwana wa ghorofa ya tatu akatumia saa nzima kukagua kola ya shati lake.

Watu walipotawanyika Rula alibaki kupanga viti. Mkewe alipita akiwa na kaka yake bila kusimama; alisema tu, "Nitakuja baadaye," na hakusema baadaye ni lini. Mama alikuja wa mwisho, kompyuta kifuani.

"Nisamehe, mama," Rula alisema.

Mama alisimama. Hakusema nimekusamehe, wala hakusema sikusamehe.

"Unajua wiki mbili hizi nilikuwa nafanya nini?" aliuliza taratibu, ili asisikike na wengine. "Nimeandika majina ya wajukuu zangu wote kwenye karatasi, nikaiweka chini ya mto. Na wako wamo. Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nafumba macho nayataja, halafu nasoma nione kama nimekosea. Nilidhani kusahau kwa uzee ndiko kumeanza." Akarekebisha kompyuta kifuani. "Hilo sikuliandika kwenye muhtasari."

Akaelekea kwenye ngazi. Rula alikuwa ameshika viti vinne vya plastiki, akaviweka chini kimoja kimoja.